Mbegu ya uyoga: siri iliyotoka migodini Paris ikaishia kwenye punje ya nafaka

Uyoga mweupe wa mviringo unaouzwa kwenye vitrei katika supamaketi za Nairobi, Arusha na Dar es Salaam, ule unaoitwa uyoga wa kifungo, haujawahi kuuona msitu. Umekuzwa ndani ya chumba chenye ubaridi wa nyuzi 16 hadi 18, juu ya mboji ya mabua na samadi, na ulianza maisha yake kwenye mfuko wa nafaka iliyochemshwa.

Mwombe mkulima wa mahindi akuonyeshe mbegu yake, atachota guniani. Mwombe mkulima wa uyoga, naye atakuonyesha punje: za ngano, za mtama, pengine za uwele. Lakini punje hizo hata ukizipanda mara mia hazitaota ngano wala mtama, kwa sababu zimeshauawa kwa mvuke. Kilicho hai ni utando mweupe uliozivaa, na huo utando ndio uyoga wenyewe kabla haujatoa kichwa.

Tangu watu walipoanza kulima uyoga huu hadi walipoifikia punje hiyo, ilipita karibu miaka 300. Muda wote huo samadi ilikuwepo, vyumba vyenye giza vilikuwepo, na walaji walikuwepo tena wenye fedha. Kilichokosekana ni mbegu safi ya kuaminika. 

Matikiti yaliyoleta uyoga

Zao hili lilianzia bustanini, viungani mwa Paris, katika karne ya 17. Wakulima wa huko walikuwa wakilima matikiti juu ya matuta ya samadi ya farasi, kwa kuwa samadi inapooza hutoa joto, na joto hilo liliwawezesha kupata matunda mapema katika nchi ya baridi. Matikiti yakiisha kuvunwa, matuta yale yale yalianza kuota uyoga. Wakulima wakagundua kwamba wakichukua bonge la samadi kuukuu lenye nyuzi nyeupe na kulichomeka kwenye tuta jipya, tuta hilo nalo litazaa.

Mwaka 1651 Nicolas de Bonnefons alichapisha kitabu cha bustani, Le Jardinier françois, ambamo vitanda vya uyoga vilipewa nafasi yao. Mwaka 1678 mtaalamu wa mimea aliyeitwa Marchant aliionyesha Akademia ya Sayansi ya Paris kwamba uyoga huchipuka kutoka kwenye zile nyuzi nyeupe zinazotambaa chini ya ardhi. Mwaka 1707 Joseph Pitton de Tournefort akaieleza akademia hiyo hiyo namna samadi inavyoandaliwa na namna mabonge yenye nyuzi yanavyopandwa.

Kwa hiyo mwanzoni mwa karne ya 18 wajuzi walishajua kwamba utando ndio mbegu. Wasichokijua ni namna ya kuutengeneza. Wakulima waliutafuta kwenye marundo ya samadi ya zamani na kwenye malisho ya farasi. Wakiupata, waliuhamisha kutoka tuta hadi tuta, kama mama anavyoweka kijiko cha maziwa ya mgando wa jana kwenye maziwa mapya. Ukifanya hivyo mara chache utapata mgando mzuri. Ukifanya hivyo miaka mingi bila kuanza upya, utajikuta unalea kila kitu kilichoangukia humo.

Chini ya jiji

Simulizi inayorudiwa sana Ufaransa inasema kwamba mwanzoni mwa karne ya 19 mkulima mmoja aliyeitwa Chambry aliteremsha samadi kwenye mgodi wa mawe uliokwisha kuachwa, akapanda uyoga huko chini. Iwe ni yeye aliyeanza au mwingine, jambo lenyewe lilishika kasi. Paris ilijengwa kwa mawe ya chokaa yaliyochimbwa chini yake na pembeni mwake, na wachimbaji waliacha mahandaki ya kilomita nyingi. Humo giza halibadiliki, unyevu haubadiliki, na baridi ni ile ile kiangazi na masika. Bustani juu ya ardhi ilitoa uyoga kwa msimu. Handaki liliutoa mwaka mzima.

Mahitaji mengine yalikuwa mlangoni. Jijini kulikuwa na makumi ya maelfu ya farasi, wa mabehewa ya abiria, wa mizigo na wa jeshi, na samadi yao ilikuwa tatizo la kila asubuhi. Wakulima waliiozesha juu ya ardhi kwa majuma kadhaa, wakiigeuza na kuimwagia maji, kisha wakaiteremsha kupitia mashimo ya mgodi. Chini waliitandaza kuwa matuta marefu yaliyofuata kuta, wakachomeka mabonge ya utando, na utando uliposhika wakayafunika matuta kwa vumbi la mawe lililochanganywa na udongo. Mwandishi wa bustani William Robinson, aliyewatembelea wakulima hao na kuchapisha kitabu chake kuhusu uyoga mwaka 1870, aliwaeleza Waingereza habari za mashamba hayo ya chini kwa chini, likiwemo la Montrouge, kusini mwa jiji. Ndipo jina la champignon de Paris, uyoga wa Paris, likaenea hadi leo.

Ila mbegu ilibaki ile ile ya kuhamishwa, na handaki lisilopata jua wala upepo huhifadhi ugonjwa kama linavyohifadhi baridi. Wakulima wa Paris waliteswa na ugonjwa waliouita la môle: uyoga unaota ukiwa bonge lisilo na umbo, unatoa majimaji ya kahawia, kisha unaoza na kunuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 mwanasayansi Julien Costantin aliuchunguza na kuonyesha kwamba unaletwa na kuvu mwingine anayeushambulia uyoga. Kama ugonjwa ni kiumbe, basi mbegu iliyochotwa kwenye tuta lenye ugonjwa inaupanda ugonjwa huo pia.

Hapo ndipo maabara ilipoingia. Mwaka 1894 Costantin na mwenzake Louis Matruchot walifanikiwa kuotesha spora za uyoga, yaani chembe zake ndogo za uzazi, mahali pasipo na vijidudu vingine, wakapata utando safi, wakaulisha samadi iliyopikwa kwa mvuke. Taasisi ya Pasteur mjini Paris ikaanza kuuza mbegu hiyo. Kwa mara ya kwanza mkulima angeweza kununua mbegu isiyotoka kwenye tuta la jirani. Lakini njia yenyewe haikutangazwa kwa kina, na nchi nyingine zilibaki kuitafuta upya.

Tofali la Waingereza

Waingereza walikuwa na njia yao. Walichanganya samadi ya farasi, kinyesi cha ng'ombe na udongo kidogo, wakafinyanga matofali, wakachomeka vipande vya utando ndani yake na kuyapanga mahali penye joto la wastani mpaka utando uenee kila upande. Kisha waliyakausha. Utando ukikaushwa taratibu hulala usingizi bila kufa, na tofali kavu linaweza kuwekwa ghalani kwa miezi mingi. Mkulima alilivunja vipande vidogo, akatoboa mashimo kwenye kitanda na kuchomeka kipande kimoja kimoja.

Tofali lilikuwa zito, chafu na la kubahatisha, ila lilikuwa na sifa moja kubwa: lilisafirika. Lilipakiwa melini na kuvuka Atlantiki, na hivyo ndivyo uyoga wa kifungo ulivyofika Marekani.

Mwishoni mwa karne ya 19, katika mji mdogo wa Kennett Square, Pennsylvania, mkulima wa maua aitwaye William Swayne alikuwa na nyumba za vioo alimolima mikarafuu ya mapambo. Maua yalikaa juu ya meza ndefu, na chini ya meza kulikuwa na giza na unyevu visivyomwingizia hata senti. Akaagiza mbegu kutoka Uingereza akapanda uyoga chini ya meza. Mavuno yalimridhisha kiasi kwamba baadaye familia yake ilijenga nyumba za uyoga peke yake, zisizo na vioo wala maua. Majirani wakaiga. Samadi ilitoka kwenye mazizi ya farasi ya eneo hilo na ya miji ya karibu, na soko la Philadelphia na New York lilifikika kwa treni. Vibarua wengi walikuwa wahamiaji kutoka Italia, na wengi wao wakaja kumiliki mashamba.

Mbegu, hata hivyo, ilibaki rehani kwa wageni. Tofali lililozeeka safarini lilionekana sawasawa na tofali zima. Mkulima aliandaa mboji kwa majuma, akapanda, akangoja, na alipokuja kugundua kwamba mbegu imekufa alikuwa ameshapoteza msimu.

Wanasayansi wa Marekani wakalikabili tatizo. Mwaka 1902 Margaret Ferguson alichapisha utafiti wake kuhusu masharti yanayoifanya spora ya uyoga iote. Mwaka 1905 Benjamin Duggar, akifanya kazi na Wizara ya Kilimo, alitangaza njia rahisi zaidi: usihangaike na spora, chagua uyoga mzuri shambani, upasue, chukua kipande cha nyama ya ndani isiyoguswa na hewa, kiweke kwenye chupa yenye chakula kilichosafishwa kwa mvuke. Utando utaota kutoka kwenye kipande hicho, ukiwa na sifa zile zile za uyoga uliouchagua. Mkulima sasa angeweza kuchagua aina. Na tofauti na Wafaransa, Duggar aliiandika njia yake yote katika chapisho la serikali ambalo yeyote angeweza kulisoma.

 

Zilizuka maabara za mbegu Pennsylvania, hasa kuzunguka mji wa West Chester. Waliacha kufinyanga matofali, wakakuza utando ndani ya chupa zilizojazwa samadi iliyopikwa. Katikati ya miaka ya 1920, kwenye shamba moja la jimbo hilo, kati ya uyoga wa rangi ya maziwa yaliyoungua uliozoeleka, ukaota uyoga mweupe pe. Kwa njia ya Duggar, kipande chake kilitosha kuuzalisha tena na tena. Wanunuzi waliupenda weupe wakiuona kuwa dalili ya usafi, na rangi ya asili ikasukumwa pembeni. Uyoga wa kahawia unaouzwa leo kwa bei ya juu kidogo ni spishi ile ile.

Mwaka wa punje

Mbegu ya chupa ilikuwa safi, lakini bado ilikuwa bonge la samadi. Ilibidi ivunjwe kwa mkono na kuchomekwa kipande kwa kipande, na kati ya kipande na kipande palibaki eneo kubwa la mboji tupu ambalo utando ulipaswa kulitambaa. Katika siku hizo za kungoja, ukungu mwingine ulipata nafasi.

James Sinden wa Chuo cha Jimbo la Pennsylvania ndiye aliyelitatua hilo. Mwaka 1932 alipewa hataza ya mbegu ya uyoga iliyokuzwa juu ya nafaka. Wazo lake ni jepesi kulieleza: badala ya kuulisha utando samadi, ulishe punje. Kila punje ina wanga na protini ya kutosha kuutunza utando, na kila punje inaachana na mwenzake. Ukitikisa chupa, punje zinatawanyika; ukizimwaga kwenye mboji na kuchanganya, kila moja inakuwa kituo cha kuanzia. Pale palipokuwa na vituo kadhaa kwa kitanda kizima sasa pakawa na maelfu, na utando ulienea kwa haraka zaidi.

Kazi yenyewe haijabadilika sana tangu wakati huo, na ukiitazama kwa karibu utaona kila hatua ilivyo na sababu. Nafaka huoshwa na kuchemshwa mpaka ivimbe na kulainika bila kupasuka, maana punje iliyopasuka hutoa uji, na uji ni karamu ya bakteria. Huchujwa na kuachwa ikauke juujuu. Huchanganywa na jasi na chokaa kidogo: jasi huzuia punje zisigandamane, chokaa hurekebisha uchachu. Hujazwa chupani au kwenye mifuko inayohimili moto, mdomo ukazibwa kwa pamba au kichujio kinachopitisha hewa na kuzuia vijidudu. Kisha huingia kwenye mtambo wa mvuke wa presha, nyuzi 121, kwa saa moja na nusu au zaidi kulingana na ukubwa wa mfuko.

Ikipoa, kipande cha utando safi hutiwa ndani mbele ya moto wa spiriti au kwenye kabati la hewa safi, kwa mikono iliyopanguswa dawa. Chupa hukaa kwenye nyuzi 24 au 25. Baada ya wiki moja hivi utando umetoka kwenye kipande na kushika punje za jirani. Hapo mtengenezaji huitikisa chupa, na punje zilizoshikwa husambaa katikati ya zile ambazo bado. Katika wiki mbili au tatu chupa nzima ni nyeupe. Ukiifungua inanukia uyoga mbichi. Ikinuka uchachu, bakteria wameingia. Ikionyesha doa la kijani au jeusi, ni ukungu, na chupa hiyo hutupwa yote. Kuondoa sehemu mbaya na kupanda iliyobaki ni kujipandia ugonjwa.

Ujuzi huu wa usafi ulikuja kuokoa maisha mbali na jikoni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mkemia G. Raymond Rettew, aliyekuwa na maabara ya mbegu za uyoga huko West Chester, aliona kwamba ukungu unaotoa penisilini unahitaji mambo yale yale aliyoyazoea: chupa nyingi, chakula kilichopikwa, hewa safi, mikono mitulivu. Kwa kushirikiana na kampuni ya Wyeth alibadilisha kazi, na mwaka 1943 maabara yake ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa penisilini.

Mboji nayo ikafanyiwa sayansi

Mbegu safi ikipandwa kwenye mboji mbovu haisaidii kitu, na Sinden alilijua hilo. Baada ya vita alifanya kazi na mwenzake wa Uswisi aitwaye Hauser, na mwaka 1950, katika mkutano wa kwanza wa kimataifa wa sayansi ya uyoga uliofanyika Peterborough, Uingereza, wawili hao waliwasilisha njia fupi ya kutengeneza mboji. Kabla ya hapo rundo liligeuzwa kwa majuma matatu, manne au zaidi. Wao walionyesha kwamba likipewa maji, hewa na naitrojeni ya kutosha, hatua ya nje inaweza kukamilika kwa muda mfupi zaidi bila kupoteza chakula kingi cha uyoga.

Utaratibu wa leo unafuata njia hiyo. Mabua ya ngano hulowekwa na kuchanganywa na samadi ya farasi au ya kuku, kisha jasi. Vijidudu vinavyopenda joto huchemsha rundo kwa kazi yao wenyewe mpaka katikati lifike nyuzi 70 hadi 80. Baada ya hapo mboji huingizwa ndani, ikashikiliwa karibu na nyuzi 58 kwa saa kadhaa ili kuua wadudu na magonjwa, kisha ikashushwa hadi nyuzi 45 au 50 mpaka harufu ya amonia iishe kabisa. Pua ndiyo kipimo cha mwanzo: mboji ikiendelea kukuwasha macho, mbegu itakufa. Ikipoa hadi nyuzi 25 huchanganywa na mbegu, kilo 5 hadi 8 kwa tani moja.

Utando ukishaenea, kwa kama wiki mbili, kitanda hufunikwa kwa sentimita 4 au 5 za udongo mweusi wa vinamasi uliotiwa chokaa. Udongo huo hauna chakula. Unatunza maji, na ndani yake wanaishi bakteria ambao bila wao uyoga huu hauchipui ipasavyo. Ndipo chumba hupozwa na kuingiziwa hewa safi. Baada ya majuma mawili na nusu au matatu, vichwa huanza kuchumwa, na mavuno huja kwa mawimbi, takribani kila wiki wimbi moja.

Dunia ikapanda mmoja

Hataza ya Sinden ilipokwisha muda wake, punje ilienea kila mahali. Uholanzi ikawa kitovu cha Ulaya, na katika kituo cha utafiti cha mji wa Horst mtaalamu Gerda Fritsche akafanya kilichowashinda wengi. Uyoga wa kifungo ni mgumu kuzalishwa kwa kuchanganya wazazi wawili, kwa sababu spora zake nyingi hubeba viini viwili na kujitosheleza bila kuhitaji mwenzi. Fritsche alipata njia ya kuuchanganya uyoga mweupe na ule wa rangi ya maziwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikatoka aina chotara ya Horst U1, yenye weupe wa mmoja na uimara wa mwingine.

U1 ilipokelewa vizuri kupita kiasi. Aina nyingi zilizouzwa baadaye zilikuwa nakala yake au ndugu zake wa karibu mno. Leo China inaongoza kwa uzalishaji wa uyoga duniani, Poland inaongoza kwa kuuza nje uyoga mbichi barani Ulaya, na kaunti ya Chester, ilipo Kennett Square, bado inatoa zaidi ya nusu ya uyoga wa Marekani. Lakini uyoga wa kifungo unaoota kwenye vitanda vya sehemu kubwa ya dunia ni karibu familia moja. Ugonjwa ukipata njia ya kuishambulia familia hiyo, umepata njia ya kuingia kila shamba. Na mbegu yake inatoka kwa kampuni chache.

Mchwa walitutangulia

Afrika Mashariki ina historia yake ya kulima uyoga, ila mkulima hakuwa binadamu. Mwaka 2016 wanasayansi walitangaza visukuku vya vichuguu kutoka bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, ambavyo ndani yake zimo bustani za kuvu zilizolimwa na mchwa miaka milioni 25 iliyopita. Wajukuu wa mchwa hao bado wanalima, na uyoga unaochomoza kwenye vichuguu mvua zikianza ni mazao ya shamba lao.

Watu wa kwetu wameula uyoga huo tangu enzi, pamoja na ule wa misitu ya miombo unaouzwa kando ya barabara kutoka Iringa hadi Lubumbashi. Hatukuhitaji kuulima, na mwingine haulimiki: uyoga mwingi wa miombo huishi kwa kushikana na mizizi ya miti iliyo hai. Wa kifungo hula vilivyooza tu, ndiyo maana umekubali kufungiwa chumbani.

Kilimo cha uyoga kilipoingia kwetu, kilichoshika zaidi ni uyoga wa chaza, unaoridhika na mabua au maganda yaliyochemshwa na kuvumilia joto la tambarare. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameonyesha kwamba hata mabaki ya mkonge yanaweza kuotesha uyoga. Wa kifungo unadai mboji iliyopikwa kwa hatua na chumba cha baridi, hivyo nyanda za juu kama Limuru au Njombe ndizo zenye nafuu ya gharama. Mabua ya ngano yapo, Narok na kwingineko. Samadi ya kuku ipo kila mji. Nafaka ya mbegu ipo: watengenezaji wengi wa huku hutumia mtama, na utando hauna ubaguzi.

Kinachowakwamisha wakulima wengi ni kile kile kilichomkwamisha Mmarekani wa miaka ya 1890. Tena sisi tuna ugumu wa ziada. Tofali la Mwingereza lilikuwa kavu na lilivumilia meli. Mbegu ya punje ni mbichi, inapumua na kutoa joto. Inataka friji ya nyuzi 2 hadi 4 kutoka maabara hadi shambani. Mfuko unaosafiri siku mbili kwenye buti la basi unaweza kufika mweupe na mzuri kwa macho ilhali umeshachoka. Mkulima atailaumu mboji yake, au atamlaumu mjomba aliyemshauri, kumbe kosa lilitokea njiani.

Kwa hiyo vyuo vyetu vya kilimo na halmashauri zinazohamasisha vikundi vya vijana na akina mama kulima uyoga vingeanza na maabara ndogo ya mbegu kabla ya semina. Mtambo wa presha, kabati la hewa safi, friji na fundi mmoja aliyefunzwa vizuri vinatosha kuhudumia wilaya, na hakuna kati ya hivyo kinachohitaji kusubiri mfadhili wa mbali. Maarifa yenyewe yako wazi tangu Duggar alipoyachapisha mwaka 1905.

Nawe unayetaka kuanza, kabla hujanunua mfuko wa mbegu muulize muuzaji tarehe ilipotengenezwa, mahali ilipohifadhiwa, na aina ya uyoga uliomo. Fungua mmoja unuse. Mbegu isiyo na tarehe, au yenye harufu ya uchachu, iache dukani hata ukipunguziwa bei.